Ng'ombe Wote Wanatazama Kushoto

Ukiona Mhariri anakumiminia chai ya maziwa, ulijua kazi yako imekataliwa. Aliyekuwa na matumaini alipewa strungi, chai kavu yenye sukari tu, ndani ya kikombe cha bati kilichochoma vidole, akaambiwa asogeze kiti karibu na meza. Maziwa yalikuwa ya kufariji. Mhariri aliyanunua kila asubuhi kwa mama mmoja aliyepita na mitungi, na kwa vile wengi wetu tulikataliwa, maziwa hayakuwahi kulala pale.

Desturi hii haikuandikwa popote. Ulijifunza kwa kuumia. Kuna mchoraji mmoja kutoka upande wa Namanga, Mmasai mtu mzima, aliyeleta hadithi ya fisi na dereva wa lori. Mhariri aliipenda, akamwekea strungi. Yule bwana akakitazama kikombe, akalitazama jagi la maziwa lililojaa pale mezani, akainuka. Kwao mgeni hanyimwi maziwa anayoyaona kwa macho yake. Akakusanya karatasi zake, akashuka ngazi, akarudi Namanga bila kuaga. Ilibidi mwenye duka lililokuwa chini ya ofisi ya Mhariri ampigie simu na kumweleza kwa upole kwamba amenyimwa maziwa kwa sababu amefaulu.

"Sasa nikifeli angenipa ng'ombe mzima?" yule bwana akauliza.

Alirudi wiki iliyofuata na chupa ya maziwa yake mwenyewe. Mhariri akamwekea strungi, yeye akatia maziwa yake, na wakafanya kazi mpaka jioni kana kwamba hakuna lililotokea.

Mimi nilikunywa maziwa ya Mhariri kwa miaka mingi. Nimechimba mawe Kiserian, nimewabebea mawakala wa forodha makaratasi pale Namanga, nimeuza shanga zilizotengenezwa na mama za watu wengine. Kazi niliyoirudia kila zilipokwisha hizo nyingine ni kuchora mabango ya maduka na bucha. Sikukaa mahali kwa muda mrefu. Lakini kila nilipopita Kitengela nilipanda ngazi zile nikiwa na bahasha ileile chini ya kwapa, na ndani yake hadithi ileile moja. Nilitaka Mhariri aichape. Sikuwa na hadithi nyingine, na sina hadi leo.

Jina lake alikuwa nalo, lakini hakuna aliyelitumia. Muuza nyama alimwita Mhariri, kanisani waliomwombea kikohozi walimtaja kama dada yetu Mhariri. Mwenye duka la chini tu, mtu wa Garissa aliyependa utani, ndiye aliyemwita Mama Katuni. Wengine walisema aliwahi kuwa mwalimu, wengine kwamba aliwahi kuwa mtawa akatoka. Sikumuuliza. Alikuwa mwanamke wa sweta ya kijivu na miwani iliyofungwa kwa uzi, na alikuwa na vitabu vya katuni vya kuchapa. Hayo yalitosha.

Ofisi yake ilikuwa chumba kimoja juu ya duka la dawa za mifugo, lile ambalo wote tuliliita agroveti. Hakulichagua jengo lile kwa bahati. Pikapu ya duka ilisambaza chumvi ya ng'ombe na dawa za minyoo hadi Isinya, Kajiado, Namanga na Kiserian, na Mhariri alikubaliana na mwenye duka kwamba nafasi inayobaki kati ya magunia ni ya vitabu. Kwa hiyo katuni zake hazikuuzwa kwenye maduka ya vitabu, ambayo hata hayakuwepo. Ziliuzwa juu ya kaunta za agroveti, kati ya sindano na vidonge vya kuku. Zote zilinukia dawa ya kupe. Nimewahi kuona mzee mmoja huko Bisil akikinusa kitabu kabla ya kukifungua, kisha akatikisa kichwa kukubali kwamba ndicho chenyewe.

Ukitaka kuleta kazi, ulisoma kwanza mlango wake. Alikuwa ameandika kwa chaki: LETA HADITHI MOJA. LETA PICHA ZAKE. USILETE SIMBA. USILETE MJOMBA. Simba alipigwa marufuku kwa sababu kila mtu alidhani katuni ya Kajiado haiwezi kukamilika bila simba. Mjomba alipigwa marufuku kwa sababu watu walizoea kuja na mkubwa wa ukoo kuwaombea, kana kwamba wamekuja kuposa. Walifika wamevaa koti, wanakaa, wanauliza habari za mvua, halafu mjomba anakohoa na kusema kijana huyu ni mtoto mzuri. Mhariri aliwapa wote wawili maziwa kabla bahasha haijafunguliwa.

Ajabu ni kwamba ukurasa wa mwisho wa kila kitabu alichochapa ulikuwa na vichekesho vya mjomba wake mwenyewe, na havikuchekesha hata kidogo. Sote tulijua. Siku moja kijana mmoja alithubutu kumuuliza mbona mlango unasema vingine.

"Mlango unasema usilete," Mhariri akajibu. "Huyu hakuletwa. Huyu alikuja."

Kama hakuwepo, bahasha uliiacha chini, kwa mwenye duka. Tatizo ni kwamba wafugaji nao waliacha kwake bahasha za kaki zenye kinyesi cha mbuzi, ili daktari wa mifugo akapime minyoo. Bahasha zote zilikaa kwenye katoni moja. Siku moja Mhariri akafungua aliyodhani ni yake na kukuta vidonge vyeusi vya mbuzi vimejaa. Hakupiga kelele. Alivitazama kwa miwani, akasema, "Angalau huyu ameleta kitu chake mwenyewe. Hakuiga mtu." Upande wa pili, daktari naye alikuta hadithi ya mchoraji mmoja wa Athi River kuhusu mwizi wa pampu ya maji. Aliirudisha imeandikwa kwa kalamu nyekundu, juu kabisa ya ukurasa wa kwanza: Hakuna minyoo. Mhariri aliichapa hadithi ile na maneno yale yakiwa palepale. Alisema katika maisha yake hajapata kazi nyingine iliyokuja na cheti.

Jinsi alivyosoma ndiyo sababu wengine tulimwogopa. Mezani alikuwa na kopo la maharagwe makavu. Ulipompa kurasa zako, hakusoma neno hata moja. Alichukua maharagwe, akayapanga juu ya viputo vyote vya maneno, pale watu wa kwenye picha wanapoongea, mpaka ukurasa mzima ukawa umenyamaza. Halafu akaanza kusimulia hadithi yako kwa sauti, kwa kuangalia picha peke yake. Ukakaa pale ukisikiliza mtu akisimulia kitu ambacho hukukiandika. Mwanamke uliyedhani analia, yeye aliona anakatakata vitunguu. Jambazi lako lilikuwa linangoja gari. Ukifungua mdomo kumrekebisha, alikuinulia kidole.

"Wewe utakaa kwa kila agroveti ukieleza?" aliuliza.

Akimaliza, ndipo alipoondoa haragwe moja moja, na kwa kila haragwe aliuliza, "Hii picha ilikuwa imeshasema. Wewe umeongeza nini?" Kama hukuongeza kitu, haragwe lilirudi. Sisi kwa sisi tulikuwa na msemo wetu. Ukikutana na mwenzako anashuka ngazi uso umemshuka, ulimwambia, "Umepigwa maharagwe." Naye mwenye duka, akimwona mtu kama huyo anapita mbele ya kaunta yake, alijua.

"Huyu amekunywa maziwa," alisema. "Pole ndugu. Nikupimie dawa ya minyoo upate nguvu?" Kisha akaita kwa sauti kuelekea ghorofani, "Mama Katuni, leo umechinja wangapi?"

"Wawili. Na wewe umeponya wangapi?" sauti ilijibu kutoka juu.

Kulikuwa na kijana wa Kitengela aliyechora shujaa anayepaa. Alichora vizuri kuliko sisi sote, mikono yenye misuli, barabara ya Namanga ikionekana kwa chini kama utepe. Mhariri akapanga maharagwe.

"Huyu anapaa kwenda wapi?"

"Ana-save watu, Mhariri. Si hii iko fiti?"

"Watu gani? Mimi sioni mtu."

"Wako kwa maneno. Soma hapo chini ya haragwe."

"Basi aanze na kuwatoa kwa maneno. Wamekwama huko."

Kijana alicheka kabla ya kukasirika, na nadhani ndiyo maana alidumu. Baadaye alichora vitabu vingi pale, na watu ndani yake walionekana.

Sasa hadithi yangu. Ilikuwa hadithi ya safari. Kwetu ni Rombo, huko chini karibu na mpaka wa Tanzania. Ukame mmoja ulipozidi, baba yangu aliwatoa ng'ombe wote akawaelekeza kaskazini kutafuta majani, na mama akafuata na punda aliyebeba ngozi na vyombo. Tulitembea tukiwapoteza. Wengine walilala njiani hawakuamka, wengine tuliwaacha kwa watu tukijua hatutawaona tena. Tulipofika nyanda za Kitengela, ambazo siku zile hazikuwa na nyumba nyingi, tulikuwa na mifugo ya kuhesabu kwa vidole. Tulibaki huko. Baba alitafuta kazi ya kulinda ua wa mtu. Mama alisema kila mwaka kwamba mvua ikinyesha vizuri tutarudi. Mvua ilinyesha mara nyingi. Mama amezikwa upande wa Isinya, na katika nyumba yetu mimi peke yangu ndiye ninayekumbuka njia tuliyopita. Nilitaka iwepo mahali pengine zaidi ya kichwani mwangu. Hilo ndilo nililokuwa napanda nalo ngazi.

Niliichora kama nilivyojua kuchora, yaani kama fundi wa mabango. Sikujua kugawa ukurasa kwa vyumba vidogo vidogo kama wenzangu. Nilizoea ukuta, kwa hiyo kila ukurasa wangu ulikuwa picha moja kubwa. Ukurasa wa kwanza mama amesimama kwenye lango la boma la Rombo akiwa ameshika tawi la miiba, lile la kuzibia lango. Ukurasa wa mwisho tumesimama Kitengela kando ya uzio wa waya na ng'ombe wachache waliokonda.

Mara ya kwanza Mhariri alipanga maharagwe, akatazama kurasa zote, akarudia. Hakusimulia kitu.

"Wewe wa mabango," akasema hatimaye. Ndivyo alivyoniita tangu siku aliponikuta nikichora ukuta wa duka la chini. "Hawa ng'ombe wako, mbona wote wanatazama kushoto?"

Nikaangalia. Ni kweli. Ng'ombe, punda, baba, mama, wote. Fundi aliyenifundisha kazi Kajiado alisema ng'ombe wa bango hutazama mlango, ili mteja aone pa kuingilia, na katika bucha tuliyojifunzia mlango ulikuwa kushoto. Mkono ulishika hivyo. Nimechora ng'ombe kwenye kuta kutoka Rombo mpaka Kiserian, na kama umewahi kuona ng'ombe anayetabasamu akiwa ameupa mlango mgongo, nilikuwa nimepewa ukuta wa upande usiofaa.

"Ni mazoea ya mkono," nikamwambia.

"Mkono unasoma kitabu? Msomaji anaanza kushoto anaenda kulia. Anayetazama kulia, anaenda. Anayetazama kushoto, anarudi. Hawa watu wako wanahama na bado wanarudi. Nikiwatazama kichwa kinaniuma."

"Kwa hiyo hapana?"

"Bado," akasema, akanimiminia maziwa.

Neno hilo ndilo alilokuwa nalo. Sikuwahi kumsikia akimwambia mtu hapana. Mwenye hadithi mbovu kabisa na mwenye hadithi iliyobakiza kidogo wote waliambiwa bado, na ilikuwa kazi yako kujua bado yako ni ya urefu gani. Wapo waliolichukua neno hilo kama ahadi, wakachora upya na upya mpaka wakaoa na kuacha. Wapo waliolichukua kama tusi. Nilijaribu kuwageuza ng'ombe wangu. Nilikaa wiki nzima Namanga, nyuma ya banda la wauza shanga, nikichora ng'ombe wanaotazama kulia. Walitoka kama mbwa. Nikarudi na kurasa zilezile za zamani, nimebadilisha maneno tu. Maharagwe, maziwa, bado. Nikaenda machimboni. Nikarudi.

Sikumchukia. Nilimshangaa zaidi. Mtu huyu aliyeona kosa la mkono wangu kwa kutazama mara moja, yeye mwenyewe hakuweza kuchora kuku. Aliwahi kunichorea kwa kalamu njia ya kufika kwa mpiga chapa, na mstari wake ukanipeleka kwenye ua wa mtu mwenye mbwa watatu. Aliwakataza watu maneno mengi, lakini yeye akiongea na mpiga chapa kwenye simu hakupumua. Alitutaka tulete karatasi, si picha za simu, akisema simu inamfanya kila mtu aonekane amefaulu. Halafu karatasi zilezile akazipoteza chini ya vikombe, na kurasa za wengi wetu zilirudi na duara la chai juu ya uso wa mtu muhimu.

Alikuwa na tabia ya kusimama kwenye baraza la juu na kutazama watu wakipita barabarani. Kama ulikuwa karibu, alikuonyesha. "Muone yule. Ametoka kugombana, bega moja limebaki nyumbani." Au, "Yule anaenda kwa daktari lakini anajifanya anaenda sokoni." Hukuwa na namna ya kujua kama alikuwa sahihi. Baadaye ulijikuta ukitembea mjini ukitazama mabega ya watu.

Niliwahi kumuuliza kwa nini anajisumbua, maana vitabu vile havikumtajirisha na wengi hawakujua vimetoka kwake. Alikuwa anapanga maharagwe juu ya kazi ya mtu mwingine na hakuinua kichwa.

"Kuna mtu kule Mile 46 anangoja pikapu ya chumvi," akasema. "Ng'ombe wake anaumwa, hana la kufanya ila kungoja. Nataka awe na kitu cha kushika."

Hilo ndilo jibu pekee nililowahi kupata, na sina hakika halikuwa la kunifukuza.

Kisha jengo likauzwa. Nilikuwa Rombo wakati huo, nikichora ukuta wa duka la mbolea, na habari zilinifikia kwa kijana wa shujaa anayepaa, aliyenitumia ujumbe. Mwenye jengo mpya alitaka kujenga ghorofa nyingi, na agroveti na Mhariri walipewa muda mfupi wa kutoka. Vitabu vingechapwa tena siku nyingine, Mhariri alisema, lakini sote tulijua maana ya siku nyingine. Kijana akaniambia Mhariri amerudisha kazi za kila mtu. Katoni ilikaa kwenye kaunta ya chini siku zote za mwisho, na kila mchoraji alikuja akachukua bahasha yake yenye jina.

"Yangu umeiona?" nikamwandikia.

"Nimetafuta mara mbili. Yako haiko."

Sikuwa na nakala. Fundi wa mabango haweki nakala, ukuta ni ukuta. Nilimaliza ng'ombe niliyekuwa nachora, akitazama kushoto kama kawaida, nikaenda Kitengela. Jengo lilikuwa limeshazungushiwa mabati. Nikampigia mwenye duka, akaniambia Mama Katuni amehamia Kiserian, amepanga chumba nyuma ya agroveti ya ndugu yake yeye mwenye duka.

"Nyuma ya agroveti tena?" nikauliza.

"Anasema harufu nyingine inamletea mafua."

Nilifika Kiserian asubuhi. Chumba kilikuwa kidogo, dirisha moja linaloangalia uwanja wa mbuzi. Sweta ilikuwa ileile ya kijivu, na uzi wa miwani ulikuwa mpya. Alikuwa amekonda. Alinipa mkono bila kuinuka, nikaona kwamba kuinuka kulikuwa kazi. Mezani kulikuwa na kopo la maharagwe, jagi la maziwa limejaa, na bahasha yangu.

Nilikaa. Nilikuwa nimejiandaa kuuliza kwa upole, lakini nilipoiona bahasha swali lilitoka vibaya.

"Mbona yangu hukunirudishia kama ya wengine?"

"Sikuwa nimemaliza kuisoma."

"Mhariri, umeisoma miaka yote hii."

"Nilikuwa naanzia pabaya," akasema.

Akanieleza. Siku ya kuhama, wapagazi waliangusha sanduku kwenye ngazi na bahasha zikafunguka. Aliokota kurasa za kila mtu kwa haraka, akaziweka mezani kwa mwenye duka ili azipange. Zangu alikuwa ameziokota kinyume, ukurasa wa mwisho ukawa juu. Hakujua. Akapanga maharagwe kwa mazoea tu, akaanza kusoma, na akafika katikati kabla hajagundua amekosea.

"Ngoja," akaniambia. "Usiseme kitu."

Akachukua kurasa zangu kwa mpangilio ule wa kuangusha, akaziweka mbele yangu mmoja mmoja, na kwenye kila kiputo akaweka haragwe. Halafu, kama zamani, akasimulia.

Ukurasa wa kwanza watu wamesimama kando ya uzio wa waya, na ng'ombe wachache waliokonda. Wanatazama kushoto. Ukurasa wa pili wameuacha uzio. Ukurasa uliofuata ng'ombe mmoja aliyelala chini ana miguu iliyokunjika, na ukurasa baada ya huo yuko kati ya wenzake, anatembea. Kisha wako wengi zaidi. Kila ukurasa kundi lilikuwa linakua. Wale tuliowaacha kwa watu walikuwa wamerudi kundini. Wale waliolala njiani walikuwa wamesimama. Mbavu zilikuwa zinafunikwa, majani yalikuwa yanaongezeka, punda alikuwa na mzigo uleule na masikio yake yalikuwa yamesimama. Wote walitazama kushoto na wote walikuwa wanakwenda. Na ukurasa wa mwisho, kundi zima likiwa mbele ya boma la Rombo, mama amesimama langoni akiwa ameshika tawi la miiba. Miaka yote nilimchora akifunga. Mhariri akaweka kidole karibu na mkono wake.

"Anafungua," akasema.

Nikazirudia kurasa zote, kutoka uzioni hadi langoni. Mbuzi walikuwa wanalia nje. Mhariri alinipa muda, ambao hakuwa na desturi ya kumpa mtu.

"Tuondoe maharagwe," nikasema mwishowe.

Akaondoa la kwanza. Baba, kando ya uzio: Tumefika. Akaondoa lingine, pale ng'ombe anapoinuka: Huyu naye ametuacha. Akayarudisha yote mawili mahali pake.

"Picha zinaenda Rombo, maneno yanaenda Kitengela," akasema. "Maneno ndiyo yalikuwa yanatusumbua. Hao ng'ombe walijua toka zamani."

"Nitaandika mengine."

"Utaandika. Si leo."

Alivuta birika, akamimina. Ilikuwa strungi. Jagi la maziwa lilikuwa palepale karibu na mkono wake, na hakuligusa. Nikasogeza kiti karibu na meza kabla hajaniambia.

Tulikata vipande vya karatasi nyeupe tukavibandika juu ya viputo vyote, vikabaki vitupu. Kisha nikamshika mkono tukatembea polepole hadi duka la fotokopi kando ya soko, tukatoa nakala chache, tukazikunja na kuzipiga pini katikati. Mhariri alitaka mwenyewe kukunja. Aliporidhika na mkunjo, tukarudi, naye akaingia agroveti kwa mlango wa mbele na kuviweka vijitabu juu ya kaunta, kati ya dawa ya minyoo na chumvi ya kulamba. Ndugu wa mwenye duka akavitazama, akatutazama, akasogeza kopo la vidonge ili vipate nafasi.

Tulikaa kwenye benchi la wateja. Baadaye akaingia mama mmoja wa makamo, shuka begani na viatu vya gambuti vyenye matope, akaomba dawa ya kupe.

"Takwenya, Yeyo," ndugu wa mwenye duka akamsalimu kwa Kimasai.

"Iko," akaitikia, na wakati dawa inapimwa mkono wake ukachukua kijitabu kilichokuwa karibu. Akafungua. Akageuza ukurasa, akageuza mwingine. Kidole chake kilikuwa kinapita juu ya migongo ya ng'ombe mmoja mmoja, kama anawahesabu.

"Hii ni ya nani?"

"Ya huyu wa mabango," Mhariri akasema.

Mama akanitazama kidogo, akarudi kwenye picha.

"Mbona hawa watu hawaongei?"

Nilifungua mdomo kumweleza. Mhariri akainua kidole.

"Bado," akamjibu.

Mama akageuza hadi ukurasa wa mwisho, akakaa nao hapo langoni, na dawa yake ilikuwa imeshafungwa ikimngoja.

"Si neno," akasema. "Wanarudi nyumbani. Wataongea wakifika."

Akakitia kijitabu mfukoni pamoja na dawa ya kupe, akatoka.